Laki tisa ya PC ya gemu hapa Dar: SFF ya ofisini, tawa ya ofisini au Ryzen mpya?

Mpwa wangu kaja kwangu Tabata Jumamosi moja na laki tisa taslimu kwenye bahasha ya kaki, hela aliyoikusanya miezi mitano akisaidia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaiweka mezani akasema Anko, nataka PC ya gemu, twende wote Kariakoo nisije nikapigwa. Nikamwambia sawa tutaenda ila sio leo, leo tunakaa tunapiga hesabu kwanza, maana nimeshaona vijana kibao wanaingia Kariakoo na hela nzuri afu wanatoka na kesi ya kioo inayowaka taa za rangi zote, ndani kuna kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za gemu) dhaifu ya GT 730, na GTA V ikifunguliwa inakwenda kwa kuchechemea.

Anachotaka kucheza ni Valorant na CS2 na wenzie, eFootball, GTA V, na anataka ajifunze kuedit video za harusi ili PC irudishe hela yake. Nadhani hiyo ndo orodha ya vijana wengi wa hapa mjini, sijakutana bado na aliyeniambia anataka 4K. Kwahiyo kama una laki saba mpaka milioni na kidogo na orodha yako inafanana na hiyo, hizi hesabu ni zako pia. Bei nitakazotaja ni zile nilizotajiwa mimi mwenyewe dukani, we ukienda utatajiwa zako, lakini uwiano wake hautakuwa mbali sana.

Kwenye laki tisa toa kwanza monita ya mtumba ya inchi 22, tuliipata kwa laki moja na elfu tano, toa kibodi na mausi elfu ishirini na tano. Inabaki laki saba na sabini ya boksi lenyewe, na hapo ndo njia zinagawanyika tatu.

Ya kwanza ni SFF, yale maboksi membamba ya Dell OptiPlex na HP EliteDesk yaliyotoka maofisini Ulaya na kuletwa kwa makontena, utayaona yamepangwa kama matofali kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, na ndo hayo hayo yako kwenye kila stesheneri ya Dar. Ya pili ni tawa, kompyuta ile ile, jina lile lile, namba ile ile, ila boksi ni refu na nene, Dell wanaiandika MT. Ya tatu ni kujenga mpya kwa Ryzen yenye grafiksi ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, unaanza bila kadi, kadi utaiongeza ukipata hela.

Watu wengi wanaanza kubishana prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iwe i5 au i7, jenereshoni ya ngapi, ramu ngapi. Mi nilimwambia mpwa wangu aanze na kitu ambacho muuzaji hatakitaja hata mara moja, pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme. Hiyo ndo inaamua kadi gani itaingia, na kwenye gemu kadi ndo kila kitu. Prosesa ya i5 unaweza kuibadilisha baadae kwa dakika ishirini, ila pawa saplai ya SFF ina umbo lake la kipekee, huwezi kuchomoa ukaweka ya kawaida bila kukata bati.

Sasa angalia. OptiPlex 7020 ya SFF ina pawa saplai ya wati 255, tawa yake ina 290. OptiPlex 7040 ya SFF ina wati 180 tu, tawa yake 240. Ukisoma haraka unaona tofauti ni ndogo, lakini hizo namba sio ishu kubwa, ishu ni kwamba pawa saplai hizi za ofisini mara nyingi hazina ile kebo ya pini sita au nane ya kulisha kadi. Kadi inabidi ile umeme kutoka kwenye sloti peke yake, na sloti inatoa wati 75, basi. Kwahiyo ukinunua kompyuta ya ofisini, iwe nyembamba iwe nene, kadi zako kwa kuanzia ni zile za wati 75 kushuka: GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019, RX 6400 ya 2022, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ambayo inakula wati 70. Orodha fupi lakini sio mbaya, GTX 1650 kwenye 1080p (Full HD) inaendesha vizuri kabisa kila kitu alichonitajia mpwa wangu.

Kama kadi za mwanzo ni zile zile, kwanini basi nahangaika na SFF au tawa? Kuna mambo matatu na yote tuliyaona kwa macho pale Kariakoo.

Kwanza urefu wa kadi, yaani kimo chake. SFF inataka kadi fupi, low profile, yenye breketi fupi. GTX 1650 za hivyo zipo ila ni chache na wauzaji wanajua kwamba wenye SFF hawana pa kukimbilia, mimi nilitajiwa laki tatu na sitini kwa fupi wakati ya kimo cha kawaida kwa duka la mbele yake ilikuwa laki mbili na tisini. Yaani hata ukiokoa elfu arobaini kwa kununua boksi jembamba, inaliwa na kadi na chenji huipati. Afu kwenye baadhi ya SFF ile sloti kubwa iko ubavuni kabisa mwa pawa saplai, kadi ya feni nene inayochukua nafasi ya sloti mbili haiingii hata uisukume vipi, na hilo hulijui mpaka ufungue mfuniko.

Pili joto. Hapa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi chumba bila AC ni nyuzi 30 na ushee hata usiku, ukiweka kadi inayotoa wati 75 ndani ya boksi jembamba lililotengenezwa kwa ajili ya Word na Excel, feni inapiga kelele kama bajaji inapanda mlima na kadi inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue. Tawa ina hewa. Unaweza hata kuongeza feni ya elfu kumi nyuma.

Tatu, na hili ndo kubwa, kesho. Tawa ya Dell kama 7020 au 9020 inakubali pawa saplai ya kawaida ya ATX, matundu ya skrubu yanakaa, unachohitaji ni kebo ya kugeuza pini 24 kuwa 8 kwa sababu mazabodi (bodi kuu) ya Dell ina koneta yake, kwenye 7040 angalia kwanza koneta yake ni ya pini ngapi, kebo zake nazo zipo. Ukishafanya hivyo mlango umefunguka, unaweza kuweka GTX 1660 Super ya wati 125 au RX 6600 ya wati 132 mwaka unaofuata bila kuuza boksi. SFF ikifika kwenye GTX 1650 imefika, hapo safari imeisha, labda upate RTX 3050 ile ya GB 6 ya kimo kifupi.

Kwahiyo SFF namshauri nani? Mtu mwenye laki tano jumla, anayecheza Valorant na eFootball, chumba kidogo, meza ndogo, na hana mpango wa kuongeza kitu. Huyo achukue SFF na GTX 1050 Ti fupi na atafurahi, sisemi kwa kumdharau, Valorant ni gemu jepesi kweli kweli. Ila kama unaona ndani ya mwaka utataka gemu zito zaidi, usiingie humo.

Sasa Ryzen. Hii njia naipenda moyoni, nikiwa na hela ndo ningeanza nayo. Ryzen 5 5600G ina koo (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) sita na thredi (kazi inazozishika kwa wakati mmoja) kumi na mbili, i5-6500 ya tawa ina koo nne na thredi nne, hapo hakuna mashindano. Grafiksi yake ya ndani, Vega 7, inakaribiana na kuizidi kidogo kadi ya GT 1030 ile nzuri yenye memori ya GDDR5, maana yake Valorant na eFootball inacheza safi, GTA V inacheza ukishusha setingi, lakini GTX 1650 inaipita mara mbili au zaidi. Na inaazima memori kwenye ramu ya kompyuta, kwahiyo lazima uweke ramu mbili za GB 8, sio moja ya GB 16, ukiweka moja unaikata miguu na utadhani prosesa ni mbovu.

Tatizo ni hela, na tatizo limekua kubwa tangu mwishoni mwa 2025. Viwanda vya memori vimegeukia kuhudumia seva za AI, ramu za kawaida zimepanda bei dunia nzima, kampuni ya memori ya Micron mwezi Desemba 2025 wakatangaza kabisa kwamba wanaachana na biashara ya Crucial ya kuuzia watu wa kawaida. Ramu za DDR4 za GB 16 ambazo zamani nilikuwa naambiwa laki na nusu hapa mjini sasa nimetajiwa zaidi ya mara mbili yake. Jumlisha: prosesa laki nne na ishirini, mazabodi ya A520 laki mbili na nusu, ramu laki tatu na kitu, pawa saplai ya maana laki na ishirini, SSD na kesi, umeshapita milioni moja na laki mbili na hujanunua monita na bado huna kadi. Wakati ile tawa ya mtumba inakuja na ramu ndani yake, bei ya ramu imeshamezwa mule. Miaka mitatu nyuma ningekwambia subiri ukusanye ujenge Ryzen, sasa hivi nasita.

Na ukiwa na hela ya Ryzen kuna mtego mmoja, mazabodi za B450 za zamani na hata baadhi ya B550 na A520 za mwanzo haziwaki na 5600G mpaka BIOS yake (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) iapdetiwe, na kuiapdeti mara nyingi unahitaji prosesa ya zamani ya kuwashia. Mwambie muuzaji aiwashe hapo hapo mbele yako na prosesa hiyo hiyo unayonunua, uione kwenye skrini, ndo utoe hela. Muuzaji anayesema we nenda tu itawaka nyumbani, muachie na mazabodi yake.

Laptopu nisiiruke kabisa. Kwa laki tisa unapata ya mtumba yenye GTX 1050, na kwa mtu anayekaa hosteli Mabibo au anayehama hama vyumba hiyo ndo sahihi, TANESCO wakikata umeme anaendelea. Lakini betri za mtumba zimechoka, joto ni la kudumu, na kadi imegandishwa kwenye mazabodi, ikifa imekufa na kompyuta. Mpwa wangu anakaa kwao, haondoki, kwahiyo hatukuirudia tena. PS4 alishaikataa kabla hajakaa, na kwa mtu anayetaka kuedit video yuko sahihi.

Swali la jenereshoni ya tawa, hili tulikaa nalo muda mrefu. Jenereshoni ya nne, zile 7020 na 9020, zinatumia ramu za DDR3, ni za bei nzuri na ramu zake za mtumba ni rahisi kupata. Jenereshoni ya sita, 7040 na EliteDesk 800 G2, ni DDR4. Jenereshoni ya nane, OptiPlex 7060 na i5-8500 yenye koo sita, hiyo ndo ningeichukua macho yamefungwa kama ningeipata kwenye tawa kwa bei yetu, ila tulitajiwa laki tano na nusu boksi tupu, kadi ingekuwa ya mwaka unaofuata. Na umuhimu wa jenereshoni ya nane sio koo tu, ni Windows. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama kwa anayejiandikisha mpaka Oktoba 2026, na Windows 11 inataka rasmi Intel ya jenereshoni ya nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Sasa kuna mafundi wanakuwekea Windows 11 kwa njia za panya kwenye jenereshoni ya nne au ya sita na inawaka vizuri tu, halafu unafungua Valorant inaweza kugoma, kwa sababu Valorant kwenye Windows 11 inakagua TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka). Kwenye Windows 10 haikagui hivyo. Kwahiyo kama Valorant ndo gemu lako na kompyuta ni jenereshoni ya nne au ya sita, mkatalie fundi, baki na Windows 10 kwa sasa ukijua kabisa kwamba haidumu milele.

Jumatatu tukaenda Kariakoo, tukashukia Msimbazi tukaanza kuzunguka. Duka la kwanza kijana akatuonyesha tawa inang'aa kweli, stika ya i7 mbele. Nikamuomba bisibisi. Kufungua, vumbi la kijivu limeganda kwenye feni kama manyoya, hilo sio tatizo, vumbi linatoka, lakini kusoma stika ya pawa saplai naona sio ya Dell, ni ile ya boksi la bati jepesi imeandikwa 500W kwa herufi kubwa nyekundu. Niliiinua nikampa mpwa wangu aishike, nikamwambia sikia uzito. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 ni nzito mkononi, ina koili na kapasita kubwa ndani, hii ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu. Bora mara mia wati 240 za kweli za Dell kuliko 500 za stika. Tukaondoka.

Duka la tatu ndo tukapata 7040 MT, i5-6500, ramu GB 8, hadi diski ya GB 500, laki tatu na sitini baada ya kukomaa sana. Pawa saplai ni ya kwake ya wati 240, stika haijachezewa. Fundi wa pale alivyosikia tunatafuta kadi akasema chukueni RX 580 ninayo, GB 8, nguvu kuliko hiyo 1650 yenu, na kebo ninayo ya kutoa umeme kwenye waya wa hadi diski kwenda kwenye kadi. Akaitoa kabisa, kebo fupi nyeusi, upande huu koneta bapa ya SATA upande huu pini nane. Naomba hapa nisikilizwe vizuri. Ile koneta ya SATA kwenye volti 12 imetengenezwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54. RX 580 inakula mpaka 185. Hata ukitoa zile 75 za sloti bado unailazimisha kebo ibebe mara mbili ya uwezo wake, plastiki inayeyuka, na kuna watu wameunguza meza hivyo. Alikuwa kijana mwema, hakuwa na nia mbaya, anajua tu kwamba inawaka. Kuwaka itawaka. Usikubali hiyo kebo hata upewe bure.

Na RX 580 yenyewe ukija kuitaka siku una pawa saplai ya kutosha, jua kuna mbili. Ya kweli ina shada (koo ndogo za kadi) 2304, nyingine inaitwa RX 580 2048SP, hiyo ni RX 570 imebadilishwa jina, sio mbaya ila usiilipie bei ya 580. Nyingi pia zimetoka kuchimba sarafu za kidijitali, zimekaa zinafanya kazi usiku na mchana miaka. Hali kadhalika GTX 1060, ya GB 3 sio tu ina memori ndogo kuliko ya GB 6, hata koo zake ni 1152 badala ya 1280. Na GT 1030 ipo ya GDDR5 na ipo ya DDR4, ya pili ni goigoi mno wakati boksi zinafanana. Neno GB 4 kwenye boksi la GT 730 lisikutie wazimu, memori nyingi haimpi nguvu asiye na nguvu.

Kuhusu kadi feki, hii iliniuma mimi mwenyewe. 2021 nilinunua GTX 1050 Ti kwa laki na themanini, boksi jipya, naylon haijafunguliwa, nikafika nyumbani draiva za NVIDIA zinagoma. Nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ni ipi hasa, jina la kadi limeandikwa na neno FAKE mbele yake, ndani ilikuwa ni kadi ya zamani sana ya enzi za GTS 450 imebadilishwa BIOS ijiite 1050 Ti. Niliporudi yule muuzaji akasema hanijui. Tangu siku hiyo kuna kitu kimoja nakiangalia kabla hata ya kuchomeka, tundu la nyuma. GTX 1050 Ti halisi haitoi picha ya VGA, NVIDIA waliondoa uwezo huo kwenye kadi za kizazi kile. Ukiona 1050 Ti ina lile tundu la bluu la VGA, irudishe kwenye boksi lake taratibu useme asante. Na hata ikiwa haina, nenda na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuikamua kadi, iendeshe robo saa pale pale dukani huku unaangalia joto, muuzaji wa kweli atakupa kiti. Bila hivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

GTX 1650 tuliyoinunua ilikuwa duka lingine, laki mbili na tisini. Nayo ina mtego wake, baadhi ya 1650 zilizoongezwa spidi kiwandani zinataka kebo ya pini sita. Angalia ukingo wa juu wa kadi, kama kuna tundu la kebo hiyo sio yako. Yetu ilikuwa safi, haina tundu. Tuliichomeka kwenye ile ile 7040 tuliyokuwa tumeibeba, FurMark robo saa, ikapanda mpaka nyuzi 72 ikatulia. Mpwa wangu alikuwa amekodolea ile namba kama anaangalia penati.

Ramu ya pili ya GB 8 elfu sitini, SSD ya GB 240 elfu sitini nyingine. SSD tumeweka Windows na Valorant, ile hadi diski ya GB 500 tukaibakiza kwa sababu GTA V peke yake inakaribia au kupita GB 100, SSD ndogo haiwezi kubeba gemu kubwa mbili. Jumla ikafika laki tisa kamili, bajaji ya kurudi Tabata nikalipa mimi.

Tulipofika tukapiga na hesabu ya LUKU maana dada yangu ndo anayenunua umeme na aliuliza swali la haki kabisa, hii kitu inakula kiasi gani. Kwenye gemu boksi lile na monita kwa pamoja ni kama wati 175. Masaa manne kila siku kwa siku thelathini ni unit 21. Kwa tarifu ya kawaida ambayo elfu kumi inatoa unit 28 na kidogo, hizo ni kama elfu saba na mia tano kwa mwezi. Tungechukua ile RX 580 tungekuwa kwenye wati 300, unit 36. Kwa nyumba iliyoko kwenye ile tarifu ndogo ya matumizi yasiyozidi unit 75 kwa mwezi hiyo tofauti ni kubwa sana, unit 36 zinaweza kukutoa kwenye tarifu hiyo na nyumba nzima ikaanza kulipa bei ya juu, kuanzia friji mpaka taa ya chooni. Hesabu hiyo ifanye kabla, umuonyeshe anayelipa umeme, itakuepusha na ugomvi.

UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, hatukuweza kuinunua na hilo linanisumbua. Umeme wa kwetu unakata na kurudi mara mbili mbili, ule unaorudi ndo unaoua vitu. Kwa sasa nimempa kifaa changu cha kulinda friji, kinasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndo kinapitisha, hakimwokoi gemu likikatika katikati ila kinailinda pawa saplai. UPS atakayonunua nimemwandikia kwenye karatasi aangalie wati sio VA, maana VA 650 sio wati 650, nyingi zinabeba chini ya 400, kwa boksi lake zinatosha, kwa boksi la RX 580 zingekuwa zinalia kila akifungua gemu.

Cha pili kwenye karatasi ni i7-6700, inaingia kwenye tundu lile lile la i5-6500 bila kubadilisha kitu kingine, koo nne ila thredi nane, na hiyo ataihitaji zaidi siku ataanza kuedit harusi kuliko kwenye Valorant. Cha tatu ni RTX 3050 ya GB 6 ikishuka bei, nayo haina kebo, anachomoa 1650 anaiuza anachomeka. Pawa saplai mpya na kebo ya kugeuza nimeiweka ya mwisho kabisa. Juzi kanipigia simu usiku saa nne, Anko, GTA V nimeweka setingi za juu, haishuki chini ya fremu sitini kwa sekunde, na mama kasema sauti ya feni haisikiki sebuleni.